Bunduki ya Kupimia Malori

Wafula alipopiga simu, Celestine alikuwa ameinama katika shamba lake la mihogo juu kidogo ya Luanda Kotieno, mahali ambapo honi ya feri ya Mbita humfikia kila asubuhi kama jogoo wa pili. Aliiacha simu ikalia mpaka ikachoka. Ilipolia tena akajipangusa udongo kwenye leso, akaipokea.

"Shemeji," sauti ikasema bila salamu, "ile bunduki nimeipata."

Hakuwa na haja ya kuuliza bunduki gani. Katika ndoa yake yote kulikuwa na bunduki moja tu, nayo haikuwahi kutoa risasi. Kilikuwa chombo cha rada, umbo lake kama mashine ya kukaushia nywele saluni, ambacho watu wa barabara walikitumia kupimia mwendo wa malori kwenye njia ya Busia. Wafula alikuwa fundi wa vipimo. Marehemu Oyugi, mumewe Celestine, alikuwa mhandisi na mkubwa wa Wafula kazini. Jumamosi moja ya mwaka wa tisini na nne chombo hicho kiliingia uwanja wa gofu wa Kisumu ndani ya buti la gari la Oyugi, kikazua ubishi uliodumu nyumbani mwao kuliko bati za kwanza za paa lao.

Siku hizo Celestine alikuwa mwalimu wa michezo katika shule moja ya wasichana upande wa Maseno. Tangu sekondari alikuwa mrusha mkuki, na ingawa mkuki ulikwisha kubaki stoo ya shule, mabega hayakusahau. Oyugi ndiye aliyemfundisha gofu, mwaka ule ule waliooana, kwa sababu, alisema, hakuoa ili Jumamosi zake zote azimalize na wanaume wenye vitambi. Wanawake uwanjani walikuwa wachache, na wengi wao waliusukuma mpira kwa adabu, kama mtu anayesogeza kuku mlangoni. Celestine hakuijua adabu hiyo. Alipiga kama anayetaka mpira uvuke ghuba ukaangukie Homa Bay.

Siku ya bunduki, wanaume walikuwa wanabishana nani kati yao ana swingi ya kasi kuliko mwenzake, nani huizungusha fimbo mbio zaidi. Wafula akachuchumaa nyuma yao, chombo mkononi, waya wake umechomekwa kwenye gari. Mwanzoni walipiga mipira, na namba zikapanda mpaka zaidi ya mia mbili, watu wakapiga mbinja. Wafula akawaharibia sherehe. Akawaambia chombo kinaudaka mpira, si fimbo, na mpira ukishapigwa hukimbia kuliko fimbo iliyoupiga. Basi wakaacha mipira, wakawa wanafyeka nyasi tu kwa draiva zao, zile fimbo ndefu za mpigo wa kwanza. Oyugi akasomewa kilomita mia moja hamsini na moja kwa saa. Hakuna aliyemkaribia. Alikuwa ameanza kupokea pongezi mtu mmoja aliposema kwa utani, "Hebu na madam ajaribu."

Celestine akavua viatu, kwa sababu alivyokuwa amevaa viliteleza, akafyeka.

Wafula aliisoma namba kimya kimya kwanza. Halafu akaisoma kwa sauti. Mia moja hamsini na nane.

Oyugi akamnyang'anya chombo, akakitikisa kama redio iliyokwisha betri. "Hii ni ya malori," akasema. "Haimjui mwanamke." Watu wakacheka, na yeye akacheka kuliko wote, wakaenda kunywa soda.

Tangu hapo, kila Celestine alipomshinda kwa jambo lolote, karata, kuamka mapema, kukumbuka jina la binamu fulani wa Asembo, alisema tu, "Mia hamsini na nane." Naye Oyugi hujibu, "Malori." Binti yao Lornah alikua akidhani maneno hayo mawili ni methali ya Kijaluo. Hata wiki za mwisho hospitalini, mikono ya Oyugi iliposhindwa kufungua kifuniko cha chupa ya maji na Celestine akakifungua kwa mzungusho mmoja, mzee alifumba macho akanong'ona, "Malori." Mvua mbili zilikuwa zimepita tangu wamzike, na katika mvua hizo mbili Celestine hakuwa amesema namba ile kwa mtu yeyote.

"Bado unanisikia?" Wafula aliuliza kwenye simu.

"Nasikiliza, shemeji."

Wafula akaeleza. Alikuwa amehamia Kisumu kukaa na binti yake, na katika kufungua makasha akaikuta, ile ile, aliyoruhusiwa kuichukua vifaa vya zamani vilipoondolewa ofisini. Na sasa mjini kumefunguliwa chumba cha gofu ya ndani. Unapiga mpira kwenye pazia, picha ya uwanja iko mbele yako, na rada ya kisasa inakuambia kasi ya fimbo, ya mpira, kila kitu. "Nimeongea na yule msichana mwenye mashine. Amekubali tuziweke pamoja. Ya zamani na ya sasa. Tujue kama ile yangu ilisema kweli."

"Tujue ili iweje, Wafula? Wa kubishana naye hayupo."

"Hata mimi niliitwa mwongo siku ile, shemeji," Wafula akasema, kwa upole, na Celestine akasikia kwamba si utani.

Alhamisi akapanda gari la Kisumu.

Chumba kilikuwa ghorofa ya juu katika jengo jipya karibu na mtaa wa Oginga Odinga, mahali ambapo zamani palikuwa na duka la vitambaa. Celestine alipanda ngazi akiona bado zile jora za poplini akilini, na mwenye duka akizipima kwa mkono wake. Juu akakuta zulia la kijani, pazia jeupe ukuta mzima, na Wafula amesimama kati ya kasha la katoni na betri ya pikipiki. Alikuwa ameota mvi mpaka kwenye nyusi. Wakashikana mikono kwa muda mrefu, maana mara ya mwisho walionana penye kaburi la Oyugi.

"Karibu Mama," akasema mwenye mashine. Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, amevaa suruali ya michezo, jina lake Nasike. Alikuwa amesomea mambo ya michezo chuoni na kuwahi kuchezea timu ya gofu ya huko, na alionekana kuifurahia kazi hiyo kama mtoto aliyepewa saa aibomoe. "Mzee ameniambia hadithi yote. Lakini mimi sitaki kuwa upande wa mtu. Tutapima tu, sawa?"

"Sawa kabisa," Celestine akasema, akaketi.

Wafula akaunganisha chombo na betri. Taa yake nyekundu ikawaka, na kabla mtu hajagusa fimbo yoyote, kikasoma arobaini na mbili.

"Nani huyo anakimbia?" Celestine akauliza.

Nasike akatazama juu, akacheka. "Ni feni, Mama." Akazima feni. Namba ikafutika. Akazima na taa ndefu za dari, kwa kuwa hizo nazo, alisema, huweza kuichanganya rada ya zamani, kisha akafungua mapazia ya dirisha, mwanga wa ziwa ukaingia na kulala juu ya zulia.

Wafula akatoa mfukoni kichuma chenye meno mawili kama uma. Akakigonga kwenye soli ya kiatu kikalia, ng'iii, akakishika mbele ya bunduki. Themanini. Akagonga tena. Themanini. "Kichuma hiki kilikuja nacho kutoka kiwandani," akamwambia Nasike. "Kikilia hivi, lazima isome themanini. Ikisoma kitu kingine, ni mgonjwa."

"Basi si mgonjwa," Nasike akasema, na safari hii alikisogelea chombo kwa heshima. "Siku ile ulikaa wapi, Mzee? Pembeni yao au nyuma?"

"Nyuma. Mstari mmoja na mpira unakoelekea."

"Vizuri. Ungekaa pembeni ingesoma chini ya ukweli. Na hawakupiga mpira?"

"Waliacha. Niliwakataza."

Akaweka rada yake, kisanduku bapa kisichozidi sahani, nyuma ya mahali pa kupigia, na Wafula akachuchumaa kando yake kwa taabu, magoti yakilia. Nasike akabadilisha mashine kutoka maili kwenda kilomita ili lugha iwe moja. Akaeleza kwamba kuna mashine nyingine za bei rahisi ambazo haziioni fimbo kabisa. Zinautazama mpira, halafu zinakisia. Hii yake inaifuata fimbo yenyewe mpaka inapokutana na mpira, na inaipima katikati ya uso wake. Baada ya hapo akashika draiva na kufyeka hewa, laini, kama mtu anayefungua mlango aliouzoea.

Pazia likaonyesha mia moja ishirini na tisa. Bunduki ikasema mia moja thelathini na tisa.

Wafula akakunja uso. "Mara nyingine."

Mara ya pili bunduki haikusoma kitu. Ya tatu, pengo lilikuwa lile lile. Wafula mwenyewe akapiga, tumbo likitangulia, Nasike akishika bunduki badala yake. Pazia, mia moja ishirini na mbili. Bunduki, mia moja thelathini na moja. Walirudia mpaka Wafula akaanza kuhema, na kila bunduki iliposoma, ilisoma juu.

Celestine alikuwa ametulia kwenye kiti, mkoba magotini. "Kwa hiyo inadanganya," akasema.

"Hapana, Mama." Nasike akachukua draiva akaja nayo kwake, akakigeuza kichwa cha fimbo mbele ya macho yake. "Angalia. Fimbo ikizunguka, hii ncha ya nje inakwenda mbio kuliko hapa katikati, kwa sababu njia yake ni ndefu. Bunduki ya barabarani imefundishwa kukamata kile kinachokimbia zaidi. Inakamata ncha. Mashine yangu inapima hapa, mahali mpira unapogusa. Zote zinasema kweli, lakini hazizungumzi juu ya kitu kimoja." Akatoa simu, akabonyeza bonyeza. "Ya Mzee inapanda kama asilimia saba na nusu. Karibu kila mara. Kwa hiyo ile mia hamsini na nane yako, kwa kipimo cha leo, ni kama mia moja arobaini na saba."

Chini barabarani muuza miwa alikuwa akigonga panga lake kwenye toroli.

Celestine aligundua kwamba amekasirika, na hasira yenyewe ilimshangaza. Miaka thelathini namba ile ilikuwa yake, kama jina la kipaimara. Aliipeleka kazini, aliipeleka leba akimzaa Lornah, aliirudia moyoni siku aliyostaafu na mwalimu mkuu akamwita "mama yetu mpole". Na sasa msichana mwenye simu alikuwa ameipunguza kama fundi anayefupisha gauni.

"Arobaini na saba," akasema. "Basi Baba Lornah alikuwa na haki ya kubisha."

"Lakini Mama, ngoja." Nasike akachuchumaa mbele yake. "Yeye alisomewa ngapi?"

"Hamsini na moja," Wafula akajibu kwa niaba yake.

"Bunduki ile ile? Siku ile ile? Na wewe ukikaa pale pale?"

"Pale pale."

"Basi na yeye anashuka. Anakuwa mia moja arobaini. Wote mnashuka pamoja. Lakini Mama, wewe bado uko juu yake." Akatabasamu. "Na hiyo arobaini na saba si kitu cha kuchezea. Wanawake wanaolipwa kwa kazi hii hawako mbali sana na hapo. Mimi nimesomea, nafanya mazoezi, na hizo hapo ni namba zangu, umeziona."

Celestine alifungua mdomo. Kichwa chake kikageuka chenyewe upande wa kushoto, upande ambao Oyugi alizoea kukaa kila mahali walipokwenda, kanisani, harusini, kwenye benchi la zahanati. Pale palikuwa na stendi ya fimbo tu. Ile "Mia hamsini na nane" aliyoiandaa ikakosa wa kuijibu. Akainamisha uso, akaanza kutafuta leso ndani ya mkoba ingawa leso ilikuwa begani.

Wafula akavuta kiti cha plastiki, akaketi karibu. Hakumtazama usoni, alitazama dirishani.

"Unajua alivyokuwa akitusumbua kule Yala?" akasema. "Tulipokuwa tunapima malori."

"Nani?"

"Bwana yako. Tunakaa kando ya barabara tangu asubuhi, jua linatuchoma, mimi nasoma namba. Lori likipita na themanini, ananyamaza. Likipita na mia na kitu, anasimama kabisa, anasema, 'Hilo bado halijamfikia Nyar Seme.'"

Celestine akainua kichwa. Nyar Seme, binti wa Seme, alikuwa yeye.

"Kila siku, shemeji. Wageni wakija kutoka Nairobi kukagua kazi, kabla hajawaonyesha lami anawaambia kwamba mke wake ana swingi ya mia hamsini na nane, na kwamba yeye mwenyewe alikuwepo na usiku ule hakupata usingizi. Kuna dereva mmoja wa trela tulimsimamisha, amekimbiza gari kama wazimu. Oyugi akamwendea, akamwambia, 'Ndugu yangu, hata ukivunja shingo, nyumbani kwangu utashika nambari mbili.' Yule mtu hakuelewa kitu."

"Oyugi alisema hivyo?"

"Vijana wote wa barabara walikuwa wanakuita hivyo. Nyar Seme wa rada."

"Na hamkuniambia!"

Wafula akamgeukia, na mshangao wake ulikuwa wa kweli. "Tulidhani unajua. Si ulikuwa unaishi naye?"

Celestine akacheka. Kicheko kilianza kama kikohozi, kikapanda, kikamtikisa mabega yale yale, na machozi yalipokuja hakuyazuia wala hakuyapangusa. Miaka thelathini mtu anakula ugali wake, anavaa mashati aliyompigia pasi, akimwambia "malori, malori" jikoni, halafu anatoka kwenda kuutangazia ulimwengu mzima kando ya barabara ya Busia. Alimwona waziwazi, kofia ya kazi imeegemea sikio moja, mikono kiunoni, akimhubiria dereva wa trela. Alitamani kumpiga kofi. Alitamani zaidi ya hapo kumpakulia samaki.

"Mjinga yule," akasema kwa Kijaluo, kwa sauti ya mtu anayesema jina la kupendwa. "Mjinga wangu."

Nasike alikuwa amegeukia dirishani kwa adabu, akijifanya kupanga mipira.

Baada ya kitambo Celestine akaweka mkoba chini. "Nipe hiyo fimbo."

"Uko sawa, Mama? Mgongo?"

"Mgongo ni wangu. Nipe."

Wafula akakimbilia bunduki, lakini taa nyekundu ilikuwa imezimika. Betri ya pikipiki ilikuwa imemaliza safari yake. Hakuna aliyehuzunika. Nasike akaweka mpira wenye kibandiko cha fedha juu ya tii, kile kiguu cha kuusimamishia, akaelekeza kibandiko kwenye rada. Celestine akasimama. Vidole vilijipanga kwenye mpini kabla hajaviambia, kidole kidogo cha kulia juu ya mwenzake, kama Oyugi alivyomwonyesha akiwa amesimama nyuma yake, kidevu begani mwake, ananukia sabuni na petroli. Alikuwa hajagusa fimbo tangu ugonjwa ulipoingia nyumbani. Akavuta pumzi. Nyonga ikaanza, kiuno kikafuata, kisha mabega.

Kishindo chake kwenye pazia kiliwashtua wote watatu. Mpira wa picha ukaruka juu ya miti ya picha, ukapinda kulia, ukaangukia kwenye nyasi ndefu.

"Mia moja na nane," Nasike akasoma.

Celestine akaiangalia ile namba ukutani. Alisubiri imuume, lakini haikumuuma kama alivyotegemea. Ilikuwa namba ya mwanamke wa miaka sitini na miwili aliyeamka alfajiri kupalilia mihogo. "Basi ndiyo niliyo nayo leo," akasema. "Weka mpira mwingine."

Alipiga mpaka viganja vikawaka moto, na wateja wa saa tisa wakawa wamefika, wamesimama mlangoni wakimtazama.

Jioni, kabla ya kupanda gari la kurudi, alimpigia Lornah huko Eldoret, akamsimulia yote, malori na trela na watu wa Nairobi. Lornah alisikiliza bila kumkatiza. Mwisho akasema, "Mama, rudia ile sehemu ya dereva." Akairudia. Akairudia tena akiwa garini, sauti ya chini, mpaka abiria wa jirani naye akaanza kutabasamu.

Jumamosi iliyofuata alirudi mjini, safari hii hakwenda kwenye ghorofa. Alikwenda uwanjani, yeye na Wafula na Nasike, fimbo za kuazima, asubuhi ambayo umande ulikuwa bado umekaa na upepo wa ziwa ulinuka magugu na samaki. Mengi yalikuwa yamebadilika. Nyumba zimechomoza mahali palipokuwa na mafunjo, na kedi, mbeba fimbo, aliyewapokea hakuwa amezaliwa mwaka wa tisini na nne. Celestine alitembea polepole, akimwonyesha Nasike mahali hapa na pale, nani alipoteza mipira yote, nani aliumwa na nyuki akiwa anahesabiwa kushinda. Majina mengi yalikuwa ya marehemu, akayasema bila kushusha sauti.

Kwenye shimo la tatu mpira wake ulibingirika vizuri, ukaenda ukatumbukia kwenye unyayo mpana kama karai wa kiboko aliyepita usiku kutoka ziwani. Mpira ulikuwa umekaa chini kabisa, kwenye tope.

"Utapiga ulipolala," Wafula akasema.

"Nipige nini? Kwenye unyayo wa kiboko unautoa mpira kwa mkono, hakuna adhabu. Sheria ya uwanja."

"Sheria ya lini? Sijawahi kuisikia."

"Wewe hukuwa mwanachama, Wafula. Ulikuwa unakuja kupima watu tu."

"Nasike, umesoma. Mwambie."

Nasike akanyoosha mikono juu. "Chuoni hatukufundishwa kiboko."

Walibishana hapo hata kundi la nyuma likawapungia mkono lipite, likapita, na wao bado wanabishana. Mwishowe Celestine akapinda goti, akaingiza mkono kwenye tope hadi kifundo, akautoa mpira. Akaupangusa kwenye sketi yake, taratibu, pande zote, akauachia juu ya nyasi kavu. Wafula alikuwa bado anataja kanuni za mchezo Celestine alipoupiga. Ulikwenda chini chini, haukupanda sana, ukapita katikati ya miti miwili na kuendelea kubingirika kuelekea bendera, nao wakaufuata.